KODIANI ITOLEWE STOO

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tumeitungia insha, tumeitolea kisa, na tumepewa alama nzuri kwa sababu yake. Lakini je, msomaji mpenzi, ni lini ulipoitii mara ya mwisho? Mimi nakiri mapema kwamba sikuitii kwa muda mrefu, na makala haya nayaandika nikiwa na haya kidogo usoni.

Siku moja ya usafi wa jumla, darasa letu lilipewa kazi ya kupanga stoo iliyo nyuma ya ukumbi. Mle ndani mna viti vilivyovunjika miguu, nyavu za voliboli zilizoliwa na panya, na mikebe ya rangi iliyokauka zamani. Mlango wa stoo hiyo haukai wazi. Ukiuachilia tu, unajifunga wenyewe. Kwa hivyo mtu fulani, sijui mwaka gani, alitafuta kitu kizito akauzuia nacho. Kitu chenyewe ni sanduku jeusi lenye vifungo pande mbili na mikunjo katikati. Wenzangu walilizunguka. "Hii ni nini, bana?" mmoja akauliza. Mwingine akasema ni redio ya wakoloni. Wa tatu akaapa kwamba ni mashine ya kuhesabia pesa.

Mimi nilinyamaza kimya, ilhali nilikuwa nakijua kitu hicho kuliko wote. Ilikuwa kodiani.

Niliiinua ili nifagie chini yake. Mikunjo ikafunguka, hewa ikaingia, na kodiani ikatoa mlio mrefu kama ng'ombe aliyenyimwa maji. Darasa zima likaangua kicheko. Baadaye mimi na wenzangu wawili tulikwenda kuuliza kama chama chetu kingeweza kuichukua ili itengenezwe. Jibu tulilopewa lilikuwa fupi: kile ni kitu cha walevi wa zamani, kirudishwe pale pale mlangoni, nasi twende tukasome. Tukakirudisha. Mpaka leo ninapoandika, kodiani ile ingali inafanya kazi ya jiwe.

Nimetafakari jibu hilo tangu siku ile, na maoni yangu ni kwamba tulikosewa. Nitaeleza kwa nini, hatua kwa hatua. Anayepinga naye achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo.

JUMAPILI ALASIRI

Kwanza nieleze nilikoijulia kodiani. Guka wangu, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni. Jumatatu hadi Jumamosi mikono yake ilijaa grisi hadi kwenye kucha. Lakini Jumapili, akishatoka kanisani na kula, alinawa kwa sabuni ya kipande mara mbili, akavaa koti na kofia, akaitwaa kodiani yake na kuelekea kwa mwenzake mmoja aliyekuwa na uwanja chini ya mikaratusi. Hapo walikutana watu watano wenye kodiani. Mmoja alikuwa mchuuzi wa viazi, mmoja karani mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, mmoja dereva wa trekta, na mmoja sikumbuki alifanya kazi gani ila alikuwa na ndevu nyeupe na hakuna aliyethubutu kumkatiza akipiga.

Hakuna aliyelipwa hata senti. Hakuna aliyekuwa na cheti cha muziki. Walikuja kwa sababu waliipenda. Mmoja alipiga, wengine wakasikiliza na kukosoa bila huruma: hapo umeharakisha, hapo umesahau kurudi. Pembeni aliketi kijana na karing'aring'a, ule mviringo wa chuma unaogongwa kwa kijiti cha chuma, akiwawekea mwendo. Akina mama na wazee walipofika, mwomboko ulianza. Asiyeujua mwomboko ajue kwamba huchezwa na mwanamume na mwanamke wakiwa wameshikana, wanakwenda hatua mbili, wanainama kidogo, kisha wanageuka. Ukitazama kwa mbali, utadhani uwanja mzima unapumua pamoja.

Na kwa hakika unapumua. Kodiani ya Guka ni ya vifungo, ile ya aina ambayo kifungo kimoja kina sauti mbili: ukisukuma hutoa hii, ukivuta hutoa ile. Kwa hivyo mpigaji hawezi kuvuta tu anavyotaka, sharti aifuate hewa. Huo mvuto na msukumo ndio unaompa mchezaji mahali pa kuinama.

Basi, pamoja na uzuri huo wote, mimi nilifanya nini? Nilipokuwa Darasa la Nane, rafiki zangu watatu walikuja nyumbani kujisomea kwa ajili ya mtihani. Kabla hawajaingia, niliichukua kodiani iliyokuwa juu ya kiti nikaifunika kwa blanketi, manake niliona itanitia aibu. Guka alikuwa mlangoni. Aliniona. Hakusema neno, na hadi leo hajawahi kulitaja jambo hilo. Ningependa kama angenigombeza.

MASHTAKA MATATU

Nimewauliza wenzangu bwenini kwa nini kodiani inadharauliwa. Majibu yao naweza kuyafunga katika mafungu matatu. Kwanza, ati ni chombo cha ulevi. Pili, ati ni kitu cha mzungu, si mila yetu. Tatu, ati haisaidii mtihani. Wapo pia walioongeza la nne, nalo ni zito kuliko hayo yote: kwamba ni mambo ya kabila moja, na shule yetu ina watoto wa kila pembe ya nchi.

Nitajibu moja baada ya jingine.

Kuhusu ulevi, sitadanganya. Wakati mwingine Jumapili zile ziliishia kwenye chupa, na kuna wapigaji waliopoteza mishahara yao baa. Kizuri hakikosi ila. Lakini hebu tuulize, gitaa limepigwa baa ngapi? Na mbona tunalo gitaa kanisani, na kwaya ya shule inalitumia kila Jumapili? Spika kubwa za kisasa nazo, hazijapigwa vilabuni usiku kucha? Hakuna anayesema ziwekwe mlangoni. Ulevi uko kwa mlevi. Mzee wa ndevu nyeupe niliyemtaja hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na ndiye aliyekuwa bingwa wao.

Kuhusu ugeni, ni kweli kodiani haikuzaliwa hapa. Mwaka wa 1829, fundi mmoja wa Vienna, nchini Austria, aitwaye Cyrill Demian, alisajili chombo kidogo chenye mivukuto ambacho kidole kimoja kikibonyeza, sauti kadhaa hulia pamoja kwa upatano. Jina la kodiani limetokana na upatano huo. Baadaye viwanda vikaenea. Huko Castelfidardo, nchini Italia, Paolo Soprani alianza kuunda kodiani mwaka wa 1863, na mji huo unaziunda hadi leo. Huko Trossingen, nchini Ujerumani, Matthias Hohner alianza na vinanda vya mdomo mwaka wa 1857, na kampuni yake ikaingia katika kodiani mwanzoni mwa karne ya 20.

Lakini hata hao hawakuanza kutoka patupu. Kinachotoa sauti ndani ya kodiani ni kijibamba chembamba cha chuma, kinachoitwa ulimi, kilichofungwa upande mmoja na kuachwa huru upande mwingine. Hewa ikipita, ulimi unatetema. Wachina walikuwa na chombo chenye ndimi za namna hiyo, kiitwacho sheng, karne nyingi kabla ya Demian. Kwa hivyo Mzungu naye aliazima. Kama kuazima ni kosa, basi mshtakiwa wa kwanza si babu yangu.

Tena tazameni waliyoyafanya wazee wetu na chombo hicho cha kuazima. Kilifika mikononi mwa walowezi, wamisionari na wafanyabiashara, na vijana waliotumikia jeshi la KAR walikutana na vyombo vingi vya kigeni huko walikopelekwa vitani. Katika miaka ya 1930 na 1940, vijana wa Mkoa wa Kati waliwaona Wazungu wakicheza wawili wawili, wakachukua namna ile ya kushikana, wakaitwaa kodiani, wakaongeza karing'aring'a na nyimbo za lugha yao, wakapata ngoma ambayo hakuna Mzungu aliyeijua. Katika nyimbo hizo walisema mambo ya mapenzi, ya ardhi na ya siku zao. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, mikutano ya watu ikabanwa kila mahali na ngoma nyingi zikanyamaza. Baada ya uhuru mwomboko ukarudi viwanjani. Sasa kitu kilichopita katika majaribu kama hayo kikatoka, unawezaje kukiita cha mgeni?

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni hiki Kiswahili chenyewe. Katika chama chetu tunasema meza, shule, kitabu na sahani, na maneno haya yalikuja kwa majahazi na meli. Hakuna anayependekeza tuyarudishe. Yamevaa ngeli zetu, yanatutumikia. Hata neno kinanda lina historia ndefu: zamani liliitwa hivyo zeze la nyuzi, kisha ogani ya kanisani, kisha gramafoni, kisha kodiani. Lugha haikuona haya kumpokea mgeni na kumpa jina la nyumbani. Kwa nini sisi tunaoipenda lugha hiyo tuone haya?

KABILA GANI?

Sasa niingie katika lile shtaka la nne, ambalo nalichukulia kwa uzito. Mwenzangu mmoja kutoka Nyanza aliniambia wazi: "Wewe unataka tucheze ngoma yenu, na yetu je?" Nilikosa jibu siku hiyo. Nilipokwenda likizo nikamuuliza Guka, naye akacheka. Akaniambia mpigaji wa kwanza aliyemtamanisha kodiani alikuwa Mjaluo aliyefanya kazi naye ujana wake, na kwamba watu wa Nyanza walikuwa wakiipiga kwa namna iliyomshinda yeye kuiga.

Kumbe! Nyanza kuna onanda, muziki wa kodiani wa Waluo. Jina lake lenyewe ni lile neno letu kinanda, likavaa mavazi ya Kijaluo. Wazee walicheza onanda kabla gitaa la benga halijavuma miaka ya 1960. Kwa hivyo yule mwenzangu alipodhani namletea ngoma ya kwetu, mlango wa stoo ulikuwa umezuiwa kwa kodiani ambayo ni ya babu yake vilevile.

Teremka sasa hadi pwani na visiwani. Katika taarabu ya Unguja, kodiani huketi pamoja na udi, ganuni na fidla. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka wa 1905, na Culture Musical Club kikafuata mwaka wa 1958. Vikundi hivi vimeendeshwa tangu zamani kama vyama vya wapenzi wa muziki: mtu anashinda kazini kwake mchana, jioni anakuja klabuni kufanya mazoezi na wenzake. Je, si ndivyo alivyofanya fundi wetu wa baiskeli? Tangu mwaka wa 2002, chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzia Mji Mkongwe kimefundisha vijana taarabu na vyombo vyake, kodiani ikiwamo. Huko kijana akionekana barabarani amebeba kodiani, hakuna anayemfunika kwa blanketi.

Isitoshe, watu wa muziki wa Kiarabu walikutana na tatizo na kodiani. Muziki wao una sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za kinanda cha Kizungu, na kodiani ya dukani haina sauti hizo. Huko Misri mafundi waliifungua wakazikwaruza baadhi ya ndimi hadi zikakubali kusema lugha yao. Ukienda kusini, Lesotho, wanaiita koriana, na ndiyo mama wa muziki wao wa famo, uliotokana na watu waliokwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini. Ukivuka bahari hadi Colombia, mji wa Valledupar umekuwa ukifanya tamasha la wapiga kodiani tangu mwaka wa 1968, na kushinda pale ni heshima ya kitaifa.

Basi nambieni, kodiani ni ya kabila gani? Mgikuyu ameifundisha kusema Kikuyu, Mjaluo ameifundisha Kijaluo, Mswahili ameifundisha taarabu. Katika vyombo vyote vilivyo shuleni mwetu sikioni kingine kinachoweza kukaa katikati ya ukumbi na watoto wa Muranga, Siaya na Mombasa wote wakasema, "Hiki babu zetu walikuwa nacho."

JE, MTIHANI?

Shtaka la mtihani ndilo linalowatisha walimu na wazazi, na siwalaumu. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio kundi la mwisho la 8-4-4, tumeulizwa kuhusu alama tangu tukiwa na meno ya utotoni. Lakini hata katika 8-4-4, Muziki ni somo la KCSE. Na wadogo zetu wa Gredi ya 10 waliojiunga nasi mwaka huu wa 2026 wana mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kama serikali yenyewe imesema sanaa ni njia ya kujipatia riziki, sisi tunafunga mlango kwa chombo cha sanaa?

Hata anayependa sayansi peke yake nampa sababu. Likizo iliyopita Guka alinifungulia kodiani yake mezani. Nilidhani nitaona waya na betri. Hakuna. Ni mbao, ngozi, nta na ndimi za chuma zimepangwa mistari kama meno ya chanuo. Ulimi mrefu hutoa sauti nene, ulimi mfupi hutoa sauti nyembamba. Alinionyesha kwamba ukikwaruza ncha ya ulimi, unaupunguzia uzito, unatetema kwa kasi na sauti inapanda. Ukikwaruza karibu na shina lake, unaulegeza na sauti inashuka. Lakini ukikwaruza zaidi ya kiasi, umeua. Nta inayoshikilia vibao vya ndimi aliichanganya mwenyewe, ya nyuki na utomvu mkavu wa mti, na ndiyo sababu alikuwa akitukataza kuiacha kodiani juani: nta ikiyeyuka, ndimi huanguka ndani kama meno ya mzee.

Nilirudi shuleni nikamsikiliza mwalimu wa fizikia akifundisha mitetemo, na kwa mara ya kwanza nikaelewa bila kukariri. Yule mzee aliacha shule Darasa la Nne. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

KWA NINI NAHARAKISHA

Huenda mtu akasema, sawa, umetushawishi, lakini haraka ya nini? Kodiani imekaa stoo miaka yote hiyo, itakosa nini ikikaa mwaka mmoja tena?

Mwaka jana yule mzee wa ndevu nyeupe alifariki. Guka alikwenda mazishi kwa mkongojo. Wiki mbili baadaye, watoto wa marehemu walipokuwa wakisafisha nyumba, walimwita mnunuzi wa vyuma kuukuu akabeba mabati, sufuria zilizotoboka, jembe, na kodiani. Vyote vikapimwa pamoja kwa mizani. Siwalaumu sana. Hakuna aliyewahi kuwaambia ni kitu cha thamani, na mimi mwenyewe niliificha ya kwetu kwa blanketi.

Guka aliposikia, alipanda matatu peke yake hadi kwa yule mnunuzi. Alikuta imeshavunjwa. Chuma kilikuwa kimetolewa, na mivukuto ilikuwa imetupwa kwenye tope, watoto wanaikanyaga ili ilie. Alirudi nayo nyumbani imefungwa kwa kamba. Jioni nilimpelekea chai nikamkuta ameketi nayo mapajani. Nikamwambia pole. Akasema hivi tu: "Alikuwa na nyimbo nne ambazo mimi sizijui."

Wale watano sasa wamebaki wawili. Guka ana zaidi ya miaka 80, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena. Msomaji mpenzi, hiyo ndiyo haraka yangu. Kodiani ya stoo inaweza kungoja mwaka mmoja, ila wanaojua kuipiga na kuitengeneza hawangoji.

TUFANYE NINI?

Sipendi makala ya kulalamika tu halafu mwandishi anakwenda kulala. Haya ndiyo mapendekezo yangu kwa chama, kwa mlezi wetu na kwa utawala wa shule, kwa heshima na taadhima.

Kwanza, kodiani itolewe mlangoni leo, na mlango uzuiwe kwa jiwe. Mawe yapo mengi nyuma ya jikoni, tena ya bure.

Pili, itengenezwe. Guka amesema akiletewa ataifungua aitazame bila malipo, na kama ndimi hazijashikwa na kutu sana, itaimba. Mivukuto inaweza kuzibwa kwa kitambaa na gundi. Nta tutainunua sisi wenyewe kwa mchango wa chama. Haba na haba hujaza kibaba. Ila jambo hili lifanywe likizo ya Aprili, lisisogezwe hadi Desemba.

Tatu, siku moja ya Ijumaa alasiri, saa za vyama, tuwaalike wapigaji. Tusialike wa kwetu peke yao. Kila mwanachama aulize nyumbani: kuna mzee anayepiga onanda? Kuna mjomba aliyewahi kuketi na kikundi cha taarabu? Waje wakae meza moja, waonyeshane. Nina hakika watagombana kidogo kuhusu nani anapiga vizuri, na huo ugomvi tutaufurahia.

Nne, na hili ndilo la Chama cha Kiswahili hasa, tuandike. Likizo tunazo simu za wazazi wetu, tuwarekodi wazee wakiimba, kisha tuyaandike maneno ya nyimbo hizo na kuyaeleza kwa Kiswahili ili kila mtu ayaelewe. Tuandike pia majina ya sehemu za kodiani. Mimi nilipokuwa nikiandika makala haya nilihangaika sana. Mivukuto nililipata katika kamusi. Ndimi nilipewa na Guka kwa kutafsiri kutoka kwa lugha yake. Ule mkanda wa ngozi unaoshikilia mkono wa kushoto, na kile kifungo kidogo cha kutolea hewa bila sauti, nimekosa jina linaloniridhisha. Je, hiyo si kazi yetu? Wapigaji wa Unguja huenda wana majina yake tayari, ni sisi tu hatujauliza.

Tano, tujifunze kupiga. Simaanishi kila mtu. Watatu au wanne wenye nia watatosha. Asiwadanganye mtu kwamba ni rahisi. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unashika mdundo, na wakati huohuo mikono yote miwili inavuta na kusukuma. Mimi nilijaribu likizo ya Desemba kwa majuma matatu. Nimepata wimbo mmoja, tena nusu yake ya kwanza, na mbwa wetu alihama boma kila nilipoanza. Lakini jioni moja nilifika mwisho wa ule mstari bila kukosea, na Guka, aliyekuwa amefumba macho kitini, aligonga sakafu kwa mkongojo wake mara mbili, hatua mbili, kisha akainamisha kichwa. Sijawahi kupewa alama iliyonifurahisha kama ile.

HITIMISHO

Sikusudii kusema kwamba tuache gitaa au kompyuta, wala sisemi kila kitu cha zamani ni kizuri. Babu zetu wenyewe hawakuwa watu wa kung'ang'ania ya kale. Waliona chombo kipya, wakakipenda, wakakifanya chao. Laiti wangekuwa na woga kama wetu, wangekiita kitu cha mzungu wakakizuilia mlango, na leo kusingekuwa na mwomboko, wala onanda, wala taarabu kama tunayoijua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hiki chetu kiko chini kweli kweli, sakafuni. Shime basi, wanachama wenzangu. Kwa wakubwa wetu naomba radhi kama nimevuka mpaka mahali popote, lakini ombi langu ni dogo. Nataka likizo ya Aprili niruhusiwe kubeba lile sanduku jeusi nyumbani. Nauli ya matatu nitalipa mwenyewe, na kodiani nitaipakata mapajani. Sitaifunika kwa blanketi.